Kuhisabu Ndege na Kasa: Ni Mchezo au Ni Ushahidi?

Ametuletea suala mmoja katika vijana wa darasa letu la baada ya Magharibi, nalo ni suala ambalo yafaa lijibiwe mbele ya watu wote na si katika sikio lake peke yake. Kijana huyu amejitolea, pasi na mshahara, kuhisabu ndege wa pwani katika hori ya Mida na kuandika khabari za kasa wanaopanda mchangani kutaga. Babake amwambia kwamba huo ni mchezo wa walioshiba, na kwamba lau muda huo angeliutia katika kitabu au katika duka ungelimfaa zaidi. Na ami yake, ambaye ni mvuvi, amwambia neno zito kuliko hilo: kwamba kila anachoandika chachukuliwa na watu wasiojulikana, na kwamba kesho karatasi hizo ndizo zitakazowafungia wavuvi bahari yao. Kijana auliza: Je, jambo hili ni katika upuuzi ambao Waislamu wameamrishwa kuupa mgongo, au ni katika kheri? Na ikiwa ni kheri, ami yake ana haki gani juu yake?

Kabla ya kujibu yatupasa kulijua jambo lenyewe lilivyo, kwani kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Wengi kati yetu waonapo watu wamesimama matopeni na darubini wakati wa maji kupwa hudhani ni watalii tu, wakapita zao. Khabari yenyewe ni hii. Viumbe wa Mwenyezi Mungu ni wengi na nchi ni pana, na wataalamu wa kuwachungua ni wachache. Hata serikali tajiri haziwezi kumwajiri mtu wa kukaa katika kila pwani na kila msitu. Basi wataalamu wakaona wawaombe watu wa kawaida, mwalimu, fundi wa kushona, mvuvi, mwanafunzi, kila mmoja atazame mahali pake na aandike alichokiona: siku gani, saa ngapi, mahali gani, na wangapi.

Huko Marekani jambo hili lina zaidi ya miaka 120. Ilikuwa ni ada ya watu siku ya Krismasi kutoka makundi makundi kwenda kushindana kuua ndege na wanyama, na kundi lililoua wengi ndilo mshindi. Mwaka 1900 bwana mmoja aitwaye Frank Chapman akawaita watu wahisabu badala ya kuua, wakatoka watu 27 katika mahali 25. Hisabu ile haijakatika mpaka leo, na wanaotoka sasa ni makumi ya maelfu. Hapa kwetu jumuiya ya wapenzi wa viumbe iliundwa mwaka 1909, nayo ndiyo leo iitwayo Nature Kenya. Na kila Januari watu wa kujitolea, pamoja na watu wa Makumbusho ya Taifa, hutoka kuhisabu ndege wa majini. Tangu mwaka 2013 kuna kazi nyingine ya kuchora ramani ya ndege wote wa Kenya. Nchi imegawanywa miraba, kila mraba upana wake kama kilomita 9, na mwenye kujitolea huchagua mraba wake, akatembea ndani yake muda usiopungua saa 2, akaandika kila aina aliyoiona au aliyoisikia. Na huko Watamu, tangu miaka ya 1990, mvuvi akimkuta kasa ndani ya nyavu zake hupiga simu. Watu wakaja, wakampima, wakamtia pezini kipande cha chuma chenye nambari, kisha wakamwachilia. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hiyo.

Wala kazi hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Mwezi wa Ramadhani twauingia kwa nini? Twauingia kwa jicho la mtu wa kawaida aliyesimama pwani akatazama magharibi, akaona, akaja akasema. Bwana Abdillahi bin Umar alimpa Mtume (S.A.W.) khabari kwamba ameuona mwezi, na Mtume akafunga na akawaamrisha watu wafunge. Na katika madh-hab yetu ya Imamu Shafi shahidi mmoja mwadilifu atosha kuingiza Ramadhani. Umma mzima waacha kula na kunywa kwa neno la mchukuzi au la mchunga mbuzi, maadamu ni mkweli na jicho lake ni zima. Basi nani atakayesema kwamba macho ya watu wa kawaida hayana thamani katika ilimu?

Tena wazee wetu, manahodha na wakulima, walihisabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, wakaugawanya kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua kwa hisabu hiyo ni lini kaskazi itaingia, ni lini kusi itakaza na vyombo vipandishwe pwani. (Twazungumza hapa juu ya hisabu, si juu ya yale ya kuzungusha ng'ombe mji na mengineyo yafanywayo siku ya Mwaka, ambayo hayana asili katika dini.) Ilimu ile haikuandikwa na mtu mmoja katika chumba. Ilikuwa ni macho ya watu wengi kwa miaka mingi, kila mmoja akimwambia mwenziwe alichokiona. Sisi tumeiacha ikafa na wazee wetu, na sasa twastaajabu tukiona wengine wakiandika.

Ama dalili ya kutazama viumbe, ni nani katika wasomaji wetu asiyeijua? Katika Suratul Mulk, aya ya 19, Mwenyezi Mungu auliza kama watu hawawatazami ndege walio juu yao, jinsi wanavyozikunjua mbawa zao na kuzikunja, na hapana awashikaye ila Yeye. Katika Suratul Ghashiya auliza kama hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, atujulisha kwamba kila mnyama katika ardhi na kila ndege arukaye ni umma mfano wetu sisi. Ukiitafakari aya hii utaona ajabu. Umma una idadi yake, una makazi yake, una safari zake, na una ajali yake. Mwenye kuutazama umma huo na kuuandikia khabari zake hajatoka nje ya yale aliyoelekezwa kuyatazama.

Wanavyuoni wetu wa kale walilifahamu hili. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, naye hakukubali kila alilosomewa kutoka kwa Wayunani. Aliuliza wawindaji na wafugaji, akajaribu, akatia shaka palipofaa kutiwa shaka. Na Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, naye ni faqihi wa madh-hab yetu, alitunga kitabu cha uhai wa wanyama kwa utaratibu wa herufi. Ni kweli kwamba ndani yake mna mambo ya hirizi na ndoto ambayo hatuyakubali. Lakini mtu yule alikuwa mwalimu wa fiqihi, na hakuona kwamba ni aibu kuandika juu ya kipanga na mchwa.

Basi jambo hili kwa asili yake si upuuzi. Walakini kuwa na asili njema hakutoshi, na hapa ndipo penye uzito wa suala letu. Mimi naona kwamba mwenye kujitolea kuhisabu viumbe amejitia katika mlango wa ushahidi, na mlango wa ushahidi una adabu zake na una hatari zake. Katika Suratul Isra, aya ya 36, tumekatazwa kuyafuata tusiyokuwa na ujuzi nayo, na tumeambiwa kwamba masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Ni nani awezaye kumhakikishia mhisabu ndege? Yu peke yake matopeni alfajiri. Akiandika 40 hapana atakayemwambia walikuwa 14. Akikaa nyumbani kwa mvua akaandika kama kwamba alikwenda, hapana amjuaye ila Mola wake. Katika duka mtu huchelea mizani ya mnunuzi. Hapa hapana wa kumchelea ila Mwenyezi Mungu peke yake. Kwa ajili hiyo nasema kwamba kazi hii ni shule ya uaminifu kuliko nyingi tunazozijua, na pia ni mahali pepesi pa mtu kuzoea uwongo bila ya kujiona.

Na uwongo wake ni wa namna ya hila. Chukua mfano wa ndege mmoja mweusi na mweupe, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye hula kaa katika hori ya Mida. Ndege huyu huzaa katika pwani za Bara Arabu na Ghuba, ndani ya mashimo anayoyachimba mchangani, kisha huja kwetu kukaa miezi yake, kama walivyokuwa wakija watu wa majahazi. Kijana amekwenda kumtazama. Mwaka jana aliona kundi kubwa. Mwaka huu ametembea tangu asubuhi na hakuona hata mmoja. Nafsi yamwambia: hapana shaka wapo ng'ambo ile, andika kadiri ya mwaka jana. Au yamwambia: usiandike kitu, kwani kusikoonekana kitu kuna khabari gani? Yote mawili ni makosa. Yampasa aandike sifuri. Sifuri ya mtu aliyetazama kweli ni ushahidi kama ushahidi wa mia. Sifuri moja yaweza kuwa ni mvua au ni bahati, lakini sifuri za watu kumi kwa miaka kumi ndizo zitakazotujulisha kwamba umma fulani umeondoka katika nchi yetu, na pengine zitujulishe mapema, wakati bado jambo lafaa kufanywa. Aliyetia 40 ili karatasi yake ipendeze amewaficha watu maradhi kama tabibu amfichavyo mgonjwa.

Vivyo hivyo katika ndege wadogo wa mchangani ambao wafanana mno, hata wajuzi huwachanganya kwa mbali. Asiyemjua na aandike kwamba hakumjua. Na kundi likiwa kubwa lisilohisabika mmoja mmoja, na ahisabu sehemu yake akadirie lililobaki, kisha aseme wazi kwamba hii ni kadiri na si hisabu. Watu wa hadithi walitutangulia katika adabu hii. Hawakutosheka na mpokezi kuwa mcha Mungu. Walitaka pia awe na dhabti, yaani ahifadhi sawasawa alichokisikia. Imamu Malik aliwaacha watu wema wa Madina, wenye kusali na kufunga, asipokee hadithi kutoka kwao, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi yao. Basi kijana asidhani kwamba nia njema yamtosha. Na ajifunze kwanza, afuatane na ajuaye mwaka mzima, ndipo jina lake litiwe chini ya karatasi.

Hapa nataka niseme neno juu ya bundi, kwani ni katika mambo yanayotutia aibu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao ukubwa wake ni kama kilomita 420 za mraba, mna bundi mdogo asiyefika shubiri moja, ambaye hapatikani duniani ila humo na katika misitu mingine michache, ikiwemo ile ya tambarare chini ya milima ya Usambara. Wataalamu walimjua katika miaka ya 1960. Kumhisabu ni kazi ya usiku: mtu hukaa kimya akasikiliza sauti yake. Lakini katika mitaa yetu bundi akilia juu ya paa watu husema ameleta kifo, au ametumwa na mchawi, na vijana humpiga mawe. Mtume (S.A.W.) aliikanusha itikadi hii waziwazi, Waarabu wa ujahili walikuwa na imani ya ndege wa kifo waliyemwita hama, na Mtume akasema kwamba hakuna hama wala kisirani. Miaka 1,400 imepita na bado mtu asomaye Yasini kila usiku amwogopa ndege mwenye uzito wa machungwa mawili! Kijana atakayekaa msituni usiku mmoja akasikiliza na kuandika atakuwa amevunja ushirikina huo kwa vitendo kuliko khutba zangu kumi.

Na wale wanaosema kwamba kuhisabu hakuna faida kwa watu wa mji, na watazame juu ya vichwa vyao. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa Mombasa si wa kwetu. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na katika miaka ya 1940 wakaonekana Mombasa. Leo wako mpaka Malindi na mbele yake, na kila walipoingia, ndege wadogo wamepungua, kwa kuwa hula mayai na makinda. Ni nani aliyeujua mwendo wao huu, mji baada ya mji, mwaka baada ya mwaka? Ni watu walioandika siku walipomwona kunguru wa kwanza. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza azma ya kuwaondoa kunguru 1,000,000. Wako waliosema kwamba kunguru katika hadithi ni miongoni mwa wanyama watano ambao waweza kuuawa hata ndani ya Haram, basi hapana haja ya maneno. Mimi sipingi kuondolewa kwao. Lakini milioni moja katika milioni ngapi? Na baada ya sumu kutiwa, wamebaki wangapi? Na ni ndege gani wengine walioila sumu ile, ambao hawakukusudiwa? Tumeamrishwa ihsani katika kila kitu, hata katika kuua. Na kuua pasi na hisabu, kabla wala baada, si ihsani bali ni kupiga mawe gizani. Hisabu hiyo haihitaji darubini. Kila mwenye mwembe uani aweza kuhisabu kunguru wanaolala juu yake.

Sasa nije kwa ami, kwani neno lake ndilo lililonikalisha usiku. Wengi katika wenye kushabikia kazi hizi husema kwamba wavuvi ni wajinga na waharibifu wa bahari. Mimi sisemi hivyo. Ami ana sababu. Mwaka 1968 zilipoundwa mbuga za bahari za Malindi na Watamu, watu waliokuwa wakivua humo baba na babu waliambiwa kwamba hapa tena si penu. Huenda kufunga kule kumeleta samaki wengi pembeni mwake. Lakini mtu aliyenyimwa mlango wa riziki hatulizwi kwa kuambiwa kwamba jirani yake ananufaika. Basi mvuvi aonapo mtoto wa nduguye ameshika daftari la viumbe wa bahari, na hajui daftari lile laenda wapi, ana haki ya kuuliza. Na kijana asiyeweza kumjibu ana kasoro katika amana yake.

Lakini na ami naye atazame upande wa pili. Huko Lamu, ujenzi wa bandari mpya uliharibu mahali pa kuvulia. Wavuvi wakashitaki, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Sharia yetu yasema kwamba bayina ni juu ya mwenye kudai. Siku tajiri au serikali itakapokuja kuchimba mbele ya kijiji, wakauliza, "Mwasema samaki wamekwisha, walikuwa wangapi? Mwasema kasa walikuwa wakitaga hapa; nani aliyewaona, lini?" kijiji kitajibu nini ikiwa hapana aliyeandika? Kumbukumbu za wazee ni haki, lakini mbele ya hakimu karatasi yenye tarehe ina nguvu yake. Daftari ambalo ami alichelea kuwa ni pingu laweza kuwa ndiyo bayina yake. Na kule Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi wenyewe ndio walioamua katika mwaka 2005 kuipumzisha sehemu ya bahari yao ya kiasi cha hekta 30, kwa kuwa waliona wenyewe kwamba samaki wapungua. Na mwaka 2017 kazi yao ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Kufunga ni kule kule, lakini pana tofauti kubwa baina ya mtu kufungiwa mlango wake na mtu kuufunga kwa mkono wake.

Kwa hivyo haki ya ami juu ya kijana ni hizi, nami nazisema kwa mkato. Ajue daftari laenda kwa nani. Asomewe yaliyoandikwa, kwa lugha aijuayo na si kwa Kiingereza cha ripoti. Na aulizwe naye yale ayajuayo, kwani mtu aliyevua miaka 40 ajua mapito ya kasa na misimu ya samaki kuliko mwenye shahada aliyefika jana. Kazi isiyokubali masharti haya, hata ikiwa wakubwa wake ni watu wema, mimi singelimshauri kijana wangu aiingie.

Limebaki jambo zito zaidi. Kijana akimwona jirani yake amechukua mayai ya kasa, aandike au anyamaze? Sharia ya nchi ya mwaka 2013 yamlinda kasa, na adhabu yake si ndogo. Sikusudii kuingia hapa katika khitilafu za wanavyuoni juu ya kumla kasa. Yatosha kwamba hata kilicho halali haifai kukikata mbegu. Jawabu langu ni kwamba tupambanue baina ya kushuhudia na kupeleleza. Suratul Hujurat imetukataza kupelelezana. Mhisabu viumbe hakutumwa nyumba za watu, kufunua vyungu vyao wala kunusa mafuta yao. Akifanya hivyo ametoka katika ushahidi akaingia katika ujasusi, na kijiji kitakuwa na haki ya kumfukuza. Lakini akilikuta tuta limechimbuliwa, aandike kwamba limechimbuliwa, kwani huo ndio ukweli wa mchanga. Na akimwona mtu kwa macho yake, amwendee kwanza amnasihi faraghani. Kasa hutaga mayai kama 100 na zaidi kwa tuta moja, yakakaa mchangani siku 50 au 60, na katika watoto watokao ni wachache mno wafikao utu uzima. Mtu akielezwa hivi kwa upole na mtoto wa mtaa wake, pengine atasikia asilolisikia kwa askari. Akishikilia na kuifanya biashara, hapo si siri ya mtu tena. Ni mali ya watu wote inayoibiwa, na kuwafikishia wahusika si kusengenya.

Tena kuna khabari ambazo amana yake ni kuzificha. Mahali lilipo tuta la kasa, au mti alalamo bundi yule, si pa kutangazwa katika simu ili watu wapate kusifu. Mwizi naye asoma. Hata hizo programu kubwa za kuandikia viumbe huficha mahali hasa walipo viumbe walio katika hatari. Kijana anayepiga picha tutani na kuituma kwa rafiki zake wote kwa ajili ya fakhari amewafungulia wezi mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wako pia waliouliza kama yafaa kushirikiana na wasiokuwa Waislamu katika kazi hii, kwa kuwa mojawapo ya mashirika yanayohisabu ndege Mida, liitwalo A Rocha, ni la Kikristo, nalo halijifichi. Jawabu ni jepesi. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwajiri Abdillahi bin Uraiqit awe kiongozi wa njia, naye alikuwa mshirikina, alichotaka kwake ni ujuzi wa jangwa na uaminifu, akavipata vyote viwili. Ndege hana dini ya kumbatizia mtu. Linalonisikitisha mimi si kwamba wao wamekuja. Ni kwamba hori ile imezungukwa na misikiti yetu, na watu wa misikiti hiyo hawajui majina ya ndege waliopo mbele ya kibla yao.

Ama baba wa kijana, neno lake nalipa heshima yake. Kazi ya kujitolea haitangulii faradhi: sala kwa wakati wake, riziki ya wanaomtegemea, na radhi za wazazi. Siku ya kuhisabu ikiangukia Ijumaa, na arudi mapema. Na asijitie katika mashindano ya nani ameona aina nyingi zaidi, ambayo nimesikia yameingia hata kwetu. Hisabu yake huenda ikawa sahihi na daftari likanufaika, lakini yeye akatoka mikono mitupu. Mvuvi alipwaye kitu kidogo kwa kumwachilia kasa hapungukiwi na thawabu kwa malipo hayo, maadamu hakumtegea nyavu kwa kusudi. Nimemwomba baba amwachie kijana asubuhi mbili kwa mwezi, naye amekubali mpaka mwisho wa kaskazi, kisha atatazama.

Na ameuliza dada mmoja wa darasa la wanawake kama yeye, asiyeweza kwenda matopeni alfajiri, ana sehemu yoyote katika jambo hili. Anayo. Ahisabu kunguru wanaorudi jioni katika mwembe ulio uani kwake, kila siku baada ya sala ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, aandike tarehe na idadi, na siku aliyokosa kutazama aandike kwamba hakutazama. Karatasi ya mwezi mmoja atuletee darasani. Tumekwisha kupata mbili kutoka mitaa mingine, na tutaziweka pamoja.